Nondo na Sanduku Letu

Bwana wetu Yezu Kristu, alipotuonya tusijiwekee hazina hapa duniani, alitaja maadui watatu wa mali: nondo, kutu na mwizi (Mt 6, 19). Mwizi tunamwogopa, twamnunulia kufuli. Je, nondo tunamjua?

Nondo wa nguo ni mdogo sana. Urefu wake ni milimetri 7 hivi, na mabawa yake yana rangi ya majani makavu, yenye kung'aa kidogo kama dhahabu. Nondo wengi hufuata taa. Huyu huukimbia mwanga, hujificha katika mikunjo ya nguo. Tena ajabu: akiisha kuwa na mabawa, hali kitu. Jike hutaga mayai 40 au 50 juu ya sufu, kisha hufa. Mharibifu ni kiwavi atokaye katika yai. Huyo hujifumia kijumba cha nyuzi, akatafuna sufu na manyoya kimya kimya, miezi na miezi. Basi, tukimwua nondo arukaye, huenda mlaji amebaki ndani ya sanduku.

Lakini kiwavi huyu hapati nafasi katika nguo ivaliwayo, ikung'utwayo na kuanikwa juani. Anaila ile iliyolala gizani.

Hapo pana swali. Mtu aliyenunua blanketi la sufu kwa jasho lake, akalifungia, ametenda kosa gani? Hakuiba. Tena kuweka akiba ni busara. Baba anayewatunzia watoto wake mavazi ya siku za baridi hana lawama. Ndiyo, lakini akiba ina kazi yake na siku yake. Blanketi la tano, lisilomngoja mtu yeyote, twamlindia nani? Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alifundisha kwamba vazi lililofungiwa sandukuni ni mali ya yule aliye uchi. Haki ya kumiliki twapewa ili vitu viwafae watu. Tukimnyima mzee atetemekaye karibu nasi, hatukuliokoa blanketi, tumempa kiwavi.

Wasomaji wapenzi, tufungue masanduku yetu kungali mchana, kabla nondo hajatutangulia. Tukung'ute, tuhesabu, tutoe. Nguo iliyo mgongoni mwa maskini, hata ikichakaa, imekwisha kufanya kazi iliyofumiwa.