KUSAHAU HAKUONDOI HAKI YA MTU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, ambaye hasahau wala haghafiliki. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha aliinuka ndugu mmoja akauliza suali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka. Sisi hatukuliona kuwa ni la kuchekwa, na kwa hivyo tumependa kuliandika hapa, pamoja na jawabu lake, ili wengine wafaidike.

Ndugu huyu ni mshika fedha wa chama cha maziko cha mtaani kwao. Michango ya watu wapatao 30 ameipokea mkononi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na hesabu yote ameiandika katika simu yake. Daftari hana. Simu hiyo kwa miezi mingi alikuwa akiifungua kwa kidole. Siku moja ilikwisha chaji ikazimika, na alipoiwasha ikakataa kidole, ikataka nambari ya siri. Nambari yenyewe imemtoka kichwani. Akajaribu hii na ile mpaka simu ikajifunga. Mama mkwe wake akamshauri aende kwa mpiga ramli. Rafiki yake akamshauri aende kwa fundi wa "kuvunja" simu. Na nafsi yake, kama alivyokiri mwenyewe, ikamshauri jambo la tatu: kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha msamehe aliyesahau, basi awaambie watu kuwa hesabu imepotea, na mambo yaishe hapo. Akauliza: Je, nafsi yangu yasema kweli?

Ndugu zangu Waislamu, natuanze na lile ambalo ni kweli. Kusahau ni katika maumbile ya binadamu, wala si aibu. Baba yetu Adam alisahau. Kijana aliyefuatana na Nabii Musa alisahau khabari ya samaki, na safari yao ikawarefukia. Hata Bwana Mtume (s.a.w.) aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika mojawapo ya Swala za mchana, ambayo ni ya rakaa nne. Sahaba aliyekuwa akiitwa Dhul-Yadayn akamuuliza kama Swala imepunguzwa au amesahau. Tazameni basi alilolifanya Mtume wetu. Hakukasirika kwa kuulizwa, wala hakusema kuwa yaliyopita yamepita. Aliwauliza watu kama ni kweli, nao walipothibitisha akatimiza rakaa zilizobaki, kisha akasujudu sijda mbili za kusahau. Hiyo ndiyo adabu ya mwenye kusahau: akiri, aulize, kisha atengeneze kilichoharibika.

Na ni kweli vile vile kwamba mwenye kusahau hana dhambi. Aliyesahau akala mchana wa Ramadhani saumu yake yasihi, na aliyesahau Swala huiswali anapoikumbuka. Lakini wanavyuoni wametubainishia kwamba kusamehewa huku ni katika dhambi, baina ya mja na Mola wake. Haki za waja haziondoki kwa kusahau. Mtu akisahau deni, deni laendelea kuwa juu ya shingo yake, na akiharibu mali ya mwenziwe kwa kusahau, yampasa kuilipa. Basi nafsi ya ndugu yetu imesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli mara nyingi huwa ni uwongo uliovaa kanzu.

Ama shauri la mama mkwe, twajua kuwa amelitoa kwa huruma, na mzee huheshimiwa. Lakini kheshima ya mzee haihalalishi ramli. Mtume (s.a.w.) ametwambia kwamba mwenye kumwendea mtambuzi wa ghaibu akamuuliza jambo, Swala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Ni hasara gani kubwa kuliko hii, mtu kupoteza Swala za siku arubaini kwa ajili ya tarakimu sita? Na tuangalie kwa akili pia. Nambari ya tarakimu nne yaweza kupangwa kwa njia 10,000, na ya tarakimu sita kwa njia 1,000,000. Mwaka 2016 serikali ya Marekani, pamoja na nguvu zake zote, ilikwenda mahakamani kutaka kampuni ya Apple iisaidie kufungua simu moja tu. Kampuni ilikataa, na hatimaye serikali ikaacha kesi baada ya kupata msaada kwa watu wengine. Dola imehangaika hivyo, seuze mtu mwenye ubao wa mchanga!

Ama shauri la fundi, hilo lataka kufahamika vyema. Simu za leo si kama kufuli la mlango, ambalo mhunzi hulivunja akakuachia mali yako ndani. Kila kilichoandikwa katika simu huvurugwa kisisomeke, na ufunguo wa kukirudisha hutengenezwa kwa nambari yako ikichanganywa na siri iliyotiwa ndani ya chombo chenyewe. Mtengenezaji hana nambari yako. Kidole na uso ni wepesishaji tu. Simu ikizimwa ikawashwa hurudi kutaka nambari. Ukikosea mara kadha wa kadha, iPhone hukuzuia dakika moja, kisha 5, kisha 15, kisha saa nzima, na ukiendelea mpaka mara ya kumi haikubali tena, hapana njia ila kufuta kila kilichomo. Fundi mwaminifu atakwambia hayo kabla ya kupokea fedha yako: kwamba kazi anayoiweza ni kuifuta simu, akurudishie chombo kitupu. Na baada ya kufutwa, simu itataka akaunti iliyokuwamo kwanza, ili mwizi asifaidike na alichoiba. Kwa hivyo fundi akikutaka uthibitishe kuwa simu ni yako, usikasirike. Amefanya alivyoamrishwa.

Basi yampasa nini ndugu yetu? Kwanza, aache kujaribu ovyo, kwa kuwa pupa ndiyo iliyomfikisha hapa. Aiweke simu, atulie, aswali, kisha akumbuke polepole. Mara nyingi kichwa husahau na vidole vikakumbuka. Ikiwa aliibadilisha nambari karibuni, na simu yake ni iPhone yenye programu ya iOS 17 ya mwaka 2023 au ya baadaye, nambari ya zamani yaweza kumsaidia ndani ya saa 72. Pili, kabla ya kufuta atazame kama hesabu ile imehifadhiwa nje ya simu, katika akaunti yake ya Google au ya iCloud. Ikiwamo, itarudi. Tatu, asikhofu fedha zake za M-Pesa. Hizo hazimo ndani ya simu, zimo katika akaunti yake ya M-Pesa iliyofungamana na nambari ya laini. Akitia laini hiyo katika simu nyengine, atazitumia kwa nambari yake ya M-Pesa, maadamu hiyo hakuisahau nayo.

Na ikiwa hesabu haikuhifadhiwa popote, hapo ndipo penye mtihani. Tulimwambia hivi: Ndugu yetu, fedha za watu hazikupotea, unazo. Kilichopotea ni hesabu yake. Ukisema imepotea ukanyamaza, umeanza kutembea katika njia ya khiyana, hata kama hukukusudia. Waite wanachama wote. Waambie wazi yaliyokupata. Kila mmoja aseme alichotoa mbele ya mashahidi wawili, na kiandikwe katika daftari. Jumla ikilingana na fedha uliyonayo, mshukuru Mwenyezi Mungu. Isipolingana, suluhianeni mbele ya wazee wa mtaa. Uso wako utaona haya siku moja, na haya ya siku moja ni nyepesi kuliko kusimamishwa Kiyama mbele ya watu 30, kila mmoja akidai chake.

Ndugu yule aliinamisha kichwa kitambo, kisha akasema: "Nitawaita Ijumaa." Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Lakini jambo hili si lake peke yake. Nani katika sisi hana deni, au amana, au ahadi, iliyoandikwa katika simu tu? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, yatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandika mahali ambapo hapana mwengine awezaye kusoma, kwafaa nini siku ambayo wewe mwenyewe hupo? Ndugu yetu amesahau naye yu hai. Je, angalikuwa amekufa? Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa maiti mwenye deni la dinari tatu asiyeacha kitu, akawaambia Masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake ndipo akamswalia. Abu Qatada alilijua deni. Sisi watoto wetu watalijuaje, ilhali limefungiwa ndani ya kioo?

Basi twausiana mambo haya. Kila mwenye kushika fedha za watu awe na daftari, na shahidi anayelijua daftari hilo. Deni liandikwe kwa karatasi, na nakala wapewe wote wawili. Ukibadilisha nambari ya siri, ibadilishe asubuhi uitumie mchana kutwa, wala usiibadilishe usiku ukalala. Nambari iandikwe katika bahasha iliyofungwa, iwekwe pamoja na wasia wako, na mtu mmoja mwaminifu ajue ilipo. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Na mwenye kuwekewa bahasha hiyo ajue kuwa ni amana. Asiifungue kwa udadisi, kwani kupeleleza siri za watu kumekatazwa katika Suratul Hujurat.

Huenda akatokea mtu akasema: Siwezi kumwachia mtu nambari yangu, kwa kuwa ndani ya simu mna mambo nisiyopenda yaonwe. Huyu twamwambia kwa mapenzi: Ndugu yangu, yaondoe mambo hayo leo, utubu. Watu umewafungia, lakini yuko Mmoja ambaye kwake hapana kilichofungwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atukumbushe tuliyoyasahau katika haki za waja wake, atupe ujasiri wa kuyakiri, na atulipie madeni yetu kabla ya kututoa duniani. Amin.

Wallahu a'lam.