Shingo ya Mwali, Jicho la Mwanafunzi

Utete, kama kwingineko Rufiji na Kibiti, msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo. Huwekwa ndani, huogeshwa, husuguliwa, hufundwa. Hakuna daktari atakayemtazama mwanao kwa muda mrefu na kwa karibu kiasi hicho. Naanzia kwa somo kwa sababu upo ugonjwa wa kurithi wa nyuzi zinazoshikilia mwili, ambao mara nyingi hujitokeza karibu na umri huohuo, na mahali pa kwanza unapoonekana huwa ni shingoni.

Huanza kwa vipele vidogo visivyouma, vilivyojipanga kwa mistari pembeni mwa shingo. Polepole huungana, ngozi ikafanana na ya kuku aliyenyonyolewa, kisha kwapani na ndani ya kiwiko pakafuata. Rangi yake ya umanjano haijitokezi vizuri kwenye ngozi nyeusi, hivyo mkono unaopaka mafuta huweza kuutambua kabla ya jicho. Nyumbani watasema ni joto, au sabuni imemkataa. Hospitalini unaitwa kwa herufi tatu, PXE. Mwaka 1929 daktari wa macho Ester Grönblad na daktari wa ngozi James Strandberg, wote wa Sweden, walionyesha kwamba vipele hivyo na nyufa fulani zilizokuwa zikionekana nyuma ya jicho ni ugonjwa mmoja.

Chanzo chake ni hitilafu katika jeni iitwayo ABCC6, iliyotambuliwa mwaka 2000. Kwa sababu yake damu hupungukiwa na kitu kinachozuia chokaa isigande mahali pasipotakiwa. Chokaa hiyo huingia kwenye nyuzi zinazofanya ngozi na mishipa ivutike, na pia kwenye utando mwembamba ulio chini ya retina. Utando ukikauka hupasuka. Mishipa dhaifu huota ndani ya nyufa, ikivuja damu mtu hupoteza uoni wa katikati, ule wa kusomea na wa kutambua sura.

Kofi moja la uso linaweza kupasua utando huo na kumwaga damu ndani ya jicho. Mpira wa chandimu uliopigwa kwa karibu unaweza kufanya hivyohivyo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni zinataja mkono na makalio yaliyovikwa nguo, na idadi isiyozidi viboko vinne, uso haumo. Hata hivyo kibao cha shavu kimezoeleka, nyumbani kuliko hata shuleni, na anayekipiga hujiona analea. Mtoto haandikwi usoni kwamba utando wake ni mkavu. Hilo peke yake latosha kukiacha kibao, hata kwa mzazi asiyeamini kwamba kupiga ni kosa.

Daktari akizikuta nyufa, swali linalofuata ni kama retina bado inafanya kazi. Picha huonyesha umbo tu. Kazi hupimwa kwa elektroretinografia, kipimo kinachosoma umeme mdogo ambao retina huutoa inapomulikwa. Mtoto hutiwa dawa ya kupanua mboni, hukaa gizani kama dakika 20, huwekewa waya mwembamba unaogusa jicho au ngozi iliyo chini yake, kisha taa humulika kwa vipigo vifupi na mashine ikachora mistari. Mara nyingi, mwanzoni mwa PXE, mistari hiyo hutoka ya kawaida ingawa nyufa zinaonekana. Wazazi wasilichukue jibu hilo kama ushahidi kwamba safari ilikuwa bure. Ni kipimo cha kulinganishia cha miaka ijayo.

Mzazi ana kazi yake hapo pia. Wengi humwambia mtoto, "Hatufanyiwi kitu, tunakwenda kutembea mjini." Akifika, dawa inamchoma, giza linamtisha, anafumba macho, kipimo kinaharibika. Aambiwe kweli tangu nyumbani: dawa itawasha kidogo, kutakuwa na giza, mama yupo.

Najua atakayesema ugonjwa huu ni adimu. Ni kweli, makadirio ya kawaida ni mtu mmoja kati ya 25,000 hadi 50,000. Lakini nyufa za namna hiyohiyo huwapata baadhi ya wenye selimundu, na selimundu si adimu kwetu: inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka Tanzania. Hata namna ya kurithiwa kwa magonjwa hayo mawili ni moja. Baba na mama wazima kabisa, kila mmoja amebeba nusu ya tatizo asijue, na kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mgonjwa. Wakiwa watoto wa mjomba na shangazi, uwezekano wa wote wawili kubeba tatizo lilelile huongezeka. Kwa hiyo yule baba anayemrudisha mke kwao akidai ugonjwa umetoka ukoo wa kikeni amekwepa malezi, na hesabu pia imemshinda.

Mashine ya elektroretinografia ni ya hospitali kubwa. Kutoka Utete ni kutoka hadi Nyamwage, kuvuka Daraja la Mkapa, kisha Dar es Salaam, na nauli ya mtu na mwanawe si mchezo. Lakini hatua ya kwanza haina nauli kubwa: mwonyeshe mganga wa hospitali ya wilaya hiyo shingo, umwombe rufaa ya macho. Na wakati mnasubiri, mpe mtoto daftari la hesabu lenye viboksi, afumbe jicho moja, atazame katikati ya ukurasa, kisha abadilishe. Akisema mistari imepinda au pana doa, usingoje tarehe ya rufaa. Mpeleke siku hiyohiyo. Mmoja akigundulika, ndugu zake wa tumbo moja wapimwe wote, wa kiume nao, maana wao hawana somo wa kuwatazama shingo.