Frateri kwenye Kiti cha Meno



Juzi nilienda kuangaliwa meno. Dada aliyenisafisha akauliza, "Frateri, uzi wa kusafishia meno unatumia?" Nikajibu haraka, "Ndiyo, kila siku." Alipogusa tu, fizi zikatoa damu. Basi, nikapewa somo zima huku nimeachama, hata kujitetea siwezi.

Nilitoka nimenuna. Njiani nikajiuliza: kwani kasema uongo? Hapana. Aristotle alishaonyesha kwamba mtu anaweza kujua lililo jema na bado asilitende. Mimi sikukosa elimu ya meno, nilikosa utashi. Ndiyo maana somo liliniuma: nilifundishwa nilichokuwa nakijua.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema kumwonya ndugu ni tendo la upendo. Lakini anasema pia, ukiona onyo litamfanya azidi kuharibika, liache. Yaani onyo ni dawa, na dawa hupimwa kwa mgonjwa. Yule dada angeniuliza, "Nini kinakushinda?" labda ningesema ukweli: usiku nachoka, naona uvivu.

Ila tusimlaumu yeye tu. Mimi ndiye niliyeanza kudanganya.

Mungu akinijalia upadre, nitaketi kwenye kitubio, na mwenzangu atafungua kinywa mbele yangu. Naomba siku hiyo nikikumbuke kile kiti, niulize kabla ya kuhubiri. Na wewe unayekuja kuungama, usiseme "niko sawa" wakati fizi zinatoka damu.