Wazee na Baiskeli



Hapa Mohoro baiskeli ni ya kubebea mkaa, samaki na wagonjwa. Mzee mwenye baridi yabisi akiipanda kwa matembezi tu, watu humcheka. Kwa nini? Furaha ya jioni nayo yatoka kwa Mungu.

Goti lisilotumika hukakamaa. Baiskeli hulinyoosha bila kulilemea, maana kiti ndicho kibebacho mwili. Tuinue kiti hata mguu ukaribie kunyooka kanyagio likiwa chini. Kiti kifupi huumiza goti. Bonde letu, lile lililofunikwa na maji Aprili 2024, ni tambarare. Penye mchanga, basi, tushuke tukokote. Goti likivimba na kupata moto, tupumzike, twende zahanati.

Gumu zaidi ni kiburi: twataka kufika mbali kama zamani, ama tusitoke kabisa. Tumtazame Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80 (2 Samweli 19). Daudi alimwalika Yerusalemu. Yeye akamsindikiza kuvuka Yordani, akaomba kurudi kwake. Mfalme hakumdharau kwa safari ile fupi, alimbusu, akambariki.