Macho kwa Kocha

Hapa Tiwi tunayo shule ya sekondari ya Kaya Tiwi, ambayo wasichana wake wamewahi kutwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu. Kombe tunalipigia vigelegele. Mimi hutazama zaidi benchi. Msichana karusha, mpira umegonga chuma, na macho yake hayo kwa kocha. Akikuta uso umekunjwa, safari nyingine atampasia mwenzake hata kama yeye ndiye aliye peke yake chini ya kikapu. Akiashiriwa tu arudi kukaba, atarusha tena.

Hata kocha wa wakimbiaji Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, ukocha wa riadha hajausomea. Alijifunza kwa kuwatazama vijana na kuwasikiliza. Mmoja wao, David Rudisha, aliongoza mbio za mita 800 za Olimpiki ya London 2012 tangu mwanzo hadi mwisho: dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Kutangulia hivyo, wenzako wote wakikuwinda kwa nyuma, hakufundishwi kwa matusi.

Nawe mzazi, jioni ukisimama kando ya uwanja, usimfokee mwanao. Kocha yupo.