SURA YA NANI IMEPIGWA JUU YAKO?

Kijana, ngoja! Usiitupe karatasi hii. Isome kwanza.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipigwa sura yake kwenye dinari za fedha za mji wa Rumi. Kabla yake hakuna Mrumi aliyekuwa hai aliyewekwa kwenye sarafu za mji ule. Mkubwa huyo! Lakini mwaka ule ule, tarehe 15 Machi, alichomwa visu akafa.

Mmoja wa waliomuua ni Brutus. Alisema anaondoa udikteta. Sawa. Mbona naye akapiga dinari zake? Upande mmoja visu viwili na kofia ya uhuru. Upande wa pili, sura yake mwenyewe! Mwaka 42 akashindwa vita pale Filipi, akajiua. Ndivyo tulivyo. Kiburi cha mwenzako unakiona, chako unakipigia muhuri.

Sikia tena. Miaka kama mia tatu baadaye, sura za wafalme zilikuwa bado kwenye sarafu, na taji kichwani. Lakini fedha ilikwisha! Ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kidogo juu. Rafiki, si wewe huyo? Mchana unang'aa, unachekesha wenzako. Usiku, ukiwa peke yako, unajua kilichomo ndani.

Siku moja walimletea Yesu dinari wamtege kwa habari ya kodi (Marko 12:13-17). Aliwauliza sura ile ni ya nani. Wakakiri ni ya Kaisari. Basi fedha irudi kwa mwenyewe. Na kilicho cha Mungu je? Kijana, ni wewe! Uliumbwa kwa mfano wake (Mwanzo 1:27). Pombe, bangi na uasherati vimekuchakaza, lakini havikukuumba. Wewe si mali yao!

Sarafu kuukuu haijisafishi yenyewe. Warumi waliziyeyusha motoni, wakazipiga upya. Yesu anaweza kukufanya upya leo. Leo, siyo kesho! Caesar hakujua kama Machi itamkuta.

Popote ulipo, sema kwa moyo wako wote:

“Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimebeba sura isiyo yako. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, nipige upya. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.”

Umeomba? Usikae peke yako. Njoo mbele, tuombe pamoja.