Taa Iliyolala Nayo Hula Mafuta

NENO LA MCHUNGAJI
Somo: Mathayo 25:1-13

  

Mwezi huu tumesukumwa kusema juu ya kungoja. Kazi hiyo tunaijua. Wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2012 tukidhani ni kwa miezi michache. Watoto tuliowabeba mgongoni siku ile leo wamekuwa vijana, na sisi bado tunangoja.

Tuanze na kisa. Tulipokuwa chuo cha Biblia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwalimu wetu mmoja alipewa zawadi ya kompyuta ndogo ya mkononi, ile ya kuandikia kwa kijiti juu ya kioo. Ndani yake aliweka mahubiri yake, majina ya washirika na tarehe za ubatizo. Kisha akaenda kuhubiri kijiji kisicho na umeme. Aliizima, akaiweka mkobani, hakuigusa kwa majuma matatu. Aliporudi akaichomeka kwenye umeme. Ikawaka, lakini ilikuwa tupu kama siku ilipotoka dukani. Akatuuliza sisi wanafunzi nani ameichezea. Hakuna aliyeigusa. Maskini mwalimu alirudia neno moja tu: "Lakini niliizima!"

Baadaye tulielewa. Vifaa vingi vya mkononi vya wakati ule vilitunza kazi za mtu katika kumbukumbu isiyoweza kushika kitu bila umeme. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, kioo kiliingia giza, lakini kifaa kilikuwa kimelala tu. Saa ya ndani iliendelea kuhesabu, na kumbukumbu iliendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Kila chumba cha kumbukumbu ya namna hiyo ni kama kikombe kidogo mno kinachovuja. Lazima kijazwe upya ndani ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa kila sekunde, usiku na mchana. Betri ikiisha, vikombe vyote hukauka.

Sasa turudi kwa wanawali kumi. Mara nyingi tumesikia ikihubiriwa kwamba wapumbavu walilala na wenye busara wakakesha. Fungueni Biblia zenu, mtazame aya ya 5. Wote kumi walisinzia, wote wakalala! Yesu hakuwalaumu watano kwa usingizi. Tena tazameni aya ya 8. Wapumbavu wanalia kwamba taa zao zinazimika. Kitu kinachozimika ni kitu kilichokuwa kikiwaka. Basi taa zile ziliwaka wakati wenyewe wamelala, na mafuta yakapungua ingawa hakuna aliyefanya kazi yoyote. Wapumbavu walipiga hesabu ya arusi, lakini hawakupiga hesabu ya kungoja.

Wapendwa, hapa tuna jambo la kuungama. Yupo baba mmoja katikati yetu aliyefika mbali katika hatua za kupelekwa nchi ya tatu. Alipopewa matumaini ya safari, aliacha kulima shamba alilopimiwa. Aliuza mbuzi na majembe. Kwenye kikundi cha maombi hakuonekana tena. Alisema, "Kwa nini nipande maharage nisiyoyavuna?" Mwezi wa Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari nyingi zikafutwa, ya kwake ikiwa mojawapo. Tulikwenda kumwona. Tulimkuta ameketi juu ya begi lililofungwa. Akatuambia, "Pasta, mimi sijafanya dhambi yoyote. Nimekaa tu. Mbona nimekwisha hivi?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Na sisi wenyewe ndio tuliomwambia zamani, "Subiri tu, baba, Mungu ataleta." Hatukumuuliza anakula nini wakati anasubiri. Mungu atusamehe. Leo jibu tunalo: kukaa tu nako kunakula. Roho inayongoja inatumia mafuta hata kama mikono imetulia. Basi tufanye nini?

1. Tujazwe kidogo kila siku.
Aliyeandika Maombolezo alikuwa ameona mji wake ukibomolewa na watu wake wakichukuliwa mateka. Lakini katika sura ya 3:22-23 anashuhudia kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi. Tusitegemee mkutano mkubwa wa mara moja kwa mwaka. Zaburi moja asubuhi pamoja na watoto, kikundi cha maombi cha jirani, kazi ya shamba tunayoifanya kwa shukrani: hayo ndiyo yanayojaza kikombe kinachovuja.

2. Tuzime vinavyokula kwa siri.
Simu zetu za leo nazo ni kompyuta za mkononi. Mmeona simu iliyolala bondeni, mbali na mnara, inavyoamka haina chaji, wakati ile iliyo karibu na mnara bado ina nguvu. Zote mbili hazikuguswa. Ile ya bondeni ilikesha ikitafuta mtandao, na kila ilipojaribu kuufikia mnara ulio mbali ilibidi itumie nguvu zaidi. Ndivyo ulivyo moyo unaokesha ukitafuta uvumi: orodha imetoka, orodha haijatoka, fulani ameitwa. Na kuna chuki tulizovuka nazo mpaka, za jirani aliyetusaliti kule nyumbani. Hatuzitaji, lakini zinaendelea kufanya kazi ndani. Waefeso 4:26 inatuonya tusikubali jua litue na hasira yetu ikiwa bado hai. Jioni kabla ya kulala, tumkabidhi Mungu uvumi na chuki kwa majina.

3. Nguvu zikipungua, tulinde kilicho cha kwanza.
Kompyuta nyingine za mkononi zilikuwa na hekima hii: betri ikishuka sana, zilikataa kuwaka, ili kiasi kilichobaki kitunze kumbukumbu peke yake. Mama uliyefiwa, kijana uliyekataliwa, kama huwezi kuimba kwaya msimu huu, usiimbe. Linda imani, linda ndoa, linda watoto. Waambieni wazee kabla ya kuishiwa kabisa. Eliya alipoomba kufa chini ya mti, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kwa sababu safari iliyobaki ilikuwa ndefu (1 Wafalme 19:5-8).

Neno la mwisho. Mwaka 2005 ilikuja programu ya Windows Mobile 5.0, na vifaa vilivyoitumia vikaanza kuweka kazi za mtu katika kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kudumu. Ndiyo maana leo simu yako ikizima kabisa, ukiichaji kibandani unazikuta picha zako zote. Wapendwa, hata tukijazwa kila siku, iko siku tutaishiwa. Sayuni naye aliishiwa, akasema Bwana amemsahau. Katika Isaya 49:16 Mungu alimjibu kwamba amemchora katika vitanga vya mikono yake. Majina yetu hayatunzwi na nguvu zetu. Yako mkononi mwake, na mkono ule haulali.

Baba yule amepanda maharage msimu huu. Begi lake bado limefungwa, liko chini ya kitanda. Tunaona yote mawili ni mema.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unajua tumengoja muda gani. Tujaze leo kwa ajili ya leo. Tuonyeshe kinachotula kwa siri. Atakayezimika usiku huu, mkumbuke wewe. Kwa jina la Yesu, Amina.

Ni sisi, mchungaji wenu na mkimbizi mwenzenu.